Hapana, hawakuwa wanachoma meli baharini: stori za makaburi ya Waviking kutoka kwa mtu wa mifupa

Watu wakishajua tu kwamba kazi yangu ni mifupa ya Waviking, wale mabaharia wa zamani wa Skandinavia (Norwei, Denmark, Uswidi), swali la kwanza huwa lile lile la meli. Si mmeiona wote kwenye muvi na sirizi: mkubwa kafa, kalazwa kwenye meli na upanga wake kifuani, meli inasukumwa majini jua likizama, kijana mmoja anavuta upinde anarusha mshale wa moto, tanga linashika, wajane wanalia, muziki unapanda. Inapendeza, sikatai. Ila jamani kama mazishi yao ndo yangekuwa hivyo basi mi nisingekuwa na kazi, kila kitu kingekuwa chini ya bahari.

Hebu tuwaze kiufundi tu. Meli ikiwaka juu ya maji inawaka mpaka usawa wa maji, alafu inazama, na marehemu hajaungua hata nusu, kesho asubuhi mawimbi yanawarudishia ufukweni. Kuchoma mwili wa mtu mzima mpaka ibaki mifupa mitupu ni kazi ya masaa mengi, inataka lundo la kuni na mtu wa kuchochea. Sisi tunasoma rangi: mfupa mweusi moto ulikuwa mdogo, kijivu cha kuelekea bluu umepanda kidogo, mweupe kama chaki wenye nyufa nyufa hapo ujue moto umevuka nyuzi 700. Na kwenye makaburi yao ya kuchoma huo mweupe tunaukuta sana. Walijua wanachofanya.

Meli baharini ipo, lakini kwenye hadithi. Snorri Sturluson, mwanasiasa na mwandishi wa Iceland, anasimulia mfalme mmoja anaitwa Haki aliyejeruhiwa vibaya akajiwekea mwenyewe meli ya moto ikaenda naye baharini, na kuna ile ya mungu Baldr kuchomwa ndani ya meli yake. Sasa Snorri aliandika miaka ya 1220 na kitu, yeye mwenyewe Mkristo, na Iceland ilishaingia Ukristo tangu mwaka 1000 hivi. Yaani miaka zaidi ya 200 katikati. Simdharau, bila yeye tungekuwa gizani, ila ni kama mjukuu wa mjukuu anakusimulia dini ambayo hajawahi kuifuata.

Meli kuchomwa, kweli zilichomwa, ila nchi kavu. Pale Nordfjordeid, Norwei, mwaka 1874 mtaalamu Anders Lorange alichimba tuta la Myklebust akakuta majivu ya meli nzima, kubwa ajabu, kama mita 30, na kilichobaki ni misumari tele na vitovu vya chuma vya ngao zaidi ya 40. Walichoma kwanza, alafu wakamwaga udongo juu.

Na hapa ndo napotaka niwapeleke, maana watu wanauliza "Waviking walizikanaje" kama vile kulikuwa na utaratibu mmoja wenye kitabu. Hawakuwa na kitabu, hawakuwa na makuhani wa kusema hili halali hili haramu, na eneo lenyewe ni kubwa, kutoka Iceland mpaka mito ya Urusi, kwa karibu miaka 300. Huku wanachoma, kule wanazika mwili mzima, kijiji kinachofuata wanafanya yote mawili. Ukienda Lindholm Høje karibu na Aalborg, Denmark, kuna makaburi karibu 700 kwenye kilima kimoja, mengi ni ya kuchoma, na mengine yamezungushiwa mawe yaliyopangwa umbo la meli, ncha huku ncha kule. Meli yenyewe hamna, kuna mawe tu. Mi huwa nawaambia watu kaburi la namna ile limenifundisha zaidi kuliko madhahabu yote, kwa sababu ni la mtu wa kawaida, ndugu hawakuwa na meli ya kutoa lakini walitaka na wa kwao awe na meli.

Haya, tukitaka mazishi yaliyoshuhudiwa na mtu kwa macho yake, tunaye mmoja tu wa maana, na huyo hakuwa mzungu. Ni Ahmad ibn Fadlan, alitumwa kutoka Baghdad mwaka 921 na khalifa al-Muqtadir kwenda kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, na mwaka 922 akakutana pale mtoni na wafanyabiashara wanaoitwa Rus, watu wenye asili ya Skandinavia waliokuwa wakiuza manyoya na watumwa wapate fedha za dirhamu. Anasema hajawahi kuona watu wenye maumbile kama yale, warefu kama mitende, alafu hapo hapo anasema ni wachafu kuliko viumbe wote wa Mungu, hawajisafishi wakitoka chooni na hawaogi janaba. Nikisomesha hii sehemu kwa wazungu inabidi nieleze janaba ni nini, kwa watu wetu wa pwani wanacheka kabla sijamaliza sentensi.

Basi mkubwa mmoja wa hao Rus akafa. Wakamweka kwanza kwenye kaburi la muda, limeezekwa juu, siku 10, wakamwekea na pombe, matunda na ala ya muziki. Mali yake wakaigawa mafungu matatu: moja la familia, moja la kumshonea nguo za kuzikiwa, moja la pombe ya msiba. Theluthi nzima ya mirathi inaishia kwenye pombe! Anasema walikunywa usiku na mchana na wengine walikuwa wanakufa kikombe kikiwa mkononi.

Kisha wakauliza wajakazi wa marehemu, nani atakufa naye. Mmoja akasema mimi. Akishasema hakuna kurudi nyuma, anawekewa walinzi wawili wa kumfuata kila aendako mpaka wanamuosha miguu, naye siku zote hizo anakunywa na kuimba. Meli ikavutwa kutoka majini ikawekwa juu ya miti, ikatandikwa kitanda na vitambaa, na msimamizi wa kila kitu alikuwa bibi mmoja mzee, mnene, uso wa ukali, ambaye Ibn Fadlan anasema walimwita Malaika wa Mauti. Kwenye Kiarabu chake ni neno lile lile tunalolijua, malakulmauti. Na mi nadhani hapo mkalimani alikuwa anahangaika tu kutafuta neno ambalo Muislamu atalielewa, maana malaika kwa maana yetu hao Rus hawakuwa nao.

Marehemu akafukuliwa, kaburi la muda lilikuwa na baridi kiasi kwamba alikuwa amekuwa mweusi lakini hanuki, wakamvisha, wakamkalisha ndani ya hema juu ya meli. Wakamkata mbwa vipande viwili wakamtupia, farasi wawili wakakimbizwa mpaka wakatoa jasho alafu wakakatwa katwa, ng'ombe wawili, jogoo na kuku. Na Ijumaa wakati wa alasiri wakampeleka yule msichana kwenye kitu kama fremu ya mlango, wakamwinua juu mara tatu achungulie. Mara ya kwanza akasema namwona baba na mama. Mara ya pili, nawaona ndugu zangu wote waliokufa wamekaa. Ya tatu, namwona bwana wangu amekaa peponi, na pepo ni nzuri ni ya kijani, ananiita, nipelekeni kwake.

Yaliyofuata ni mabaya sana na sitaki kuyaremba. Wanaume waliingiliana naye mmoja mmoja wakidai ni kwa mapenzi ya bwana wake, akapewa vikombe vya pombe mpaka akachanganyikiwa, bibi akamburuta ndani ya hema, na nje wanaume wakaanza kupiga ngao kwa fimbo ili makelele yake yasisikike, wasichana wengine wasije wakaogopa kujitolea siku nyingine. Akakabwa kwa kamba huku bibi anamchoma kisu. Kuna watu mtandaoni wanaandika hii sehemu kama vile ni ibada ya kupendeza, "alichagua mwenyewe". Mtumwa anachagua nini? Na sio hadithi ya Waarabu kuwasingizia, ardhi inasema hivyo hivyo: pale Flakstad kaskazini ya Norwei kuna makaburi ambayo mtu mmoja kazikwa mzima na mwenzie hana kichwa, na vipimo vya kemia ya mifupa vikaonesha wale wasio na vichwa maisha yao walikuwa wanakula chakula tofauti na mwenye kaburi, samaki zaidi. Yaani ndo vitu alivyowekewa, kama upanga na farasi.

Meli ikawashwa na ndugu wa karibu, uchi, akitembea kinyumenyume. Ukatokea upepo mkali, na hapo Mrus mmoja akacheka akamwambia mkalimani kitu nachokipenda sana: nyie Waarabu wajinga, mnamchukua mtu mnayempenda kuliko wote mnamtupa ardhini aliwe na wadudu, sisi tunamchoma kwa dakika anaingia peponi saa hiyo hiyo. Haikupita saa meli ilikuwa majivu. Wakajenga tuta, wakasimamisha nguzo ya mti, wakaandika jina la marehemu na la mfalme wao, wakaondoka.

Sasa ukisoma hapo unaweza ukasema sawa, basi imani yao ni mtu anachomwa anaenda mbali, peponi. Na Valhalla si ndo hiyo, ukumbi wa mungu wao mkuu Odin wenye milango 540, waliokufa vitani wanapigana mchana, jioni wanafufuka wanakula nguruwe ambaye kesho anakuwa mzima tena. Lakini hata kwenye hadithi hizo hizo nusu ya waliokufa vitani anawachukua mungu mwanamke Freyja, waliozama baharini wanavuliwa na wavu wa Rán, mungu mwanamke wa baharini, na waliokufa kwa ugonjwa au uzee wanaenda kwa Hel, mtawala wa kuzimu, ambako sahani inaitwa Njaa. Watu wengi kwa hiyo wangeenda kwa Hel, ila huyo humkuti mtu kachora tatuu yake.

Kwenye makaburi na kwenye masaga, yaani hadithi ndefu za kale, ya familia za Iceland mi nakutana na kitu kingine kabisa. Marehemu haendi popote. Yupo pale pale kwenye tuta lake, jirani yenu.

Wanasimulia kuhusu Skalla-Grímr, mzee mkorofi, kafa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, kakakamaa hawezi kulazwa. Mwanae Egil alipofika hakumwendea kwa mbele, alipita nyuma yake, akamfumba macho na matundu ya pua kutokea nyuma, alafu akaamuru ukuta wa upande wa kusini uvunjwe, mzee akatolewa kwenye tundu. Mlangoni asipite, maana akiijua njia atarudi. Akazikwa na farasi wake, silaha zake na vifaa vyake vya uhunzi. Kwenye saga nyingine mtu anafungwa viatu maalum vya kwenda safari ya ahera, na nyingine mchungaji wa kondoo anaona mlima wa Helgafell umefunguka upande, ndani kuna moto na watu wanakunywa na kumkaribisha bwana wake, na asubuhi taarifa ikaja kwamba bwana kazama akivua. Ahera yenyewe ni ule mlima unaouona ukifungua mlango!

Na asipotulia anakuwa draugr. Huyu si mzimu wa moshi moshi unaopita ukutani, ni mwili wenyewe, mzito, umevimba, una nguvu, unaua ng'ombe na kupanda juu ya paa usiku. Dawa yake kumkata kichwa, au kumchoma, au, hii ndo stori yangu pendwa, kumshtaki. Kwenye shamba la Fróðá wafu walikuwa wanakuja kila jioni kuota moto, wengine wamelowa maji ya bahari, wenye nyumba wanahama wanawaachia. Wakaenda kuomba ushauri, wakaambiwa fungueni kesi. Wakaweka mahakama mlangoni, mashahidi, mashtaka ya kuingia nyumba ya watu bila ruhusa na kuwadhuru watu afya zao, kila mmoja akasomewa hukumu yake, na kila aliyehukumiwa akasimama akatoka kwa mlango ambao mahakama haikukaa, huku analalamika. Mmoja akasema tumekaa kwa kadiri tulivyoachwa tukae. Yaani maiti ni mwananchi, ana haki zake na ana makosa yake, na sheria inamhusu.

Ukishaelewa hilo ndo kaburi la Oseberg linaanza kueleweka, na hapa naomba mnivumilie maana ndo kaburi langu.

Oseberg ni shamba karibu na Tønsberg, Norwei. Mwaka 1903 mkulima alichimba tuta kwenye ardhi yake akagonga mbao zenye nakshi, mwaka 1904 Profesa Gabriel Gustafson akachimba lote. Meli ya mwaloni mita 21 na nusu, imehifadhiwa na udongo wa bluu wa mfinyanzi uliozuia hewa, kiasi kwamba meli iliyosimamishwa upya karibu yote ni mbao zake zenyewe. Ndani kulikuwa na gari la kukokotwa lenye nakshi kila sehemu, magari manne ya theluji, vitanda, vitambaa vyenye picha za maandamano, ndoo ya matofaa, vyombo vya jikoni, farasi zaidi ya 10 wengi wamekatwa vichwa, mbwa, ng'ombe. Kwa kuhesabu miviringo ya umri kwenye mbao za chumba cha kaburi tunajua miti ilikatwa mwaka 834. Na wenye kaburi ni wanawake wawili. Mmoja ana miaka 70 hadi 80, mgongo na magoti yameisha kwa baridi yabisi, na mifupa inaonesha saratani. Mwingine miaka kama 50. Ukisikia mtu anasema Waviking waliheshimu wapiganaji tu mkumbushe kwamba kaburi la kifahari kuliko yote tuliyoyapata ni la bibi asiyeweza kutembea vizuri.

(Na bado tulijikwaa wenyewe. Birka, Uswidi, kaburi lililochimbwa 1878 lina upanga, shoka, mikuki, farasi wawili, na kete za mchezo. Kwa zaidi ya miaka 100 liliitwa la mwanaume, mpaka DNA ikatoka 2017: mwanamke. Mifupa ilikuwa imeshasema mapema, ila nani anatusikiliza sisi wa mifupa.)

Kitu kinachonikosesha usingizi pale Oseberg ni kamba. Meli ilikuwa imefungwa. Ndani ya tuta, chini ya udongo, meli imefungwa kwa kamba kwenye jiwe kubwa, imetia nanga. Kama ni chombo cha kwenda ahera mbona mmekifunga? Na tuta lenyewe halikujengwa siku moja, walifunika kwanza nusu ya nyuma, nusu ya mbele na staha yake ikabaki wazi, ni kama jukwaa lenye mlango. Watu walikuwa wanaingia na kutoka. Kwangu mi ile ni nyumba, wale kina mama waliwekwa pale wakae, na watu walio hai waendelee kuwa na shughuli nao.

Ndo maana waliokuja kulivunja hawakuja kimya kimya. Tuta lilitobolewa mfereji mpana kabisa, wakavunja paa la chumba, vito na madini vyote wakabeba, mifupa ya kina mama ikavutwa ikatupwa kwenye mfereji. Wamesahau sepetu zao za mbao humo ndani, nasi tukazipima: miti yake inaangukia kati ya mwaka 953 na 975. Gokstad, ile meli nyingine maarufu, ya mwanaume aliyezikwa mwaka 900 hivi na farasi 12 na mpaka tausi (miguu yake ina alama za kukatwa ambazo hazikuanza kabisa kupona, kwa hiyo hakutoka salama kwenye hayo mapambano), nayo ilivunjwa kipindi hicho hicho. Matuta mawili ya kifalme, yanaonekana kutoka mbali, yanachimbwa mchana na kundi la watu ndani ya miaka ileile, huo si wizi wa kibaka. Waliolichunguza hili wanalihusisha na Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark aliyekuwa anautaka utawala wa Norwei, na nakubaliana nao. Ukitaka kuchukua nchi ambayo mababu zake bado wanakaa kwenye matuta wanaiangalia, inabidi uwahamishe kwanza.

Mama yangu mzazi aliponitembelea kazini mara ya kwanza nilimwonesha picha za ile mifupa, akaangalia kimya, akaniuliza, "Mwanangu, hawa hawana wenyewe?" Nikamwambia walirudishwa mama, na kweli, mwaka 1948 wale kina mama wawili walirudishwa ndani ya tuta lao, kwenye jeneza la jiwe, watu wakakusanyika. Akafurahi. Sikumwambia kwamba mwaka 2007 tuta lilifunguliwa tena wakatolewa, kwa ajili ya vipimo vipya, vile vile nilivyokuwa nimemwonesha matokeo yake.